Uzamili wa Insia: Mwaka Mzima Nikiitazama Nukta

Mjomba wangu ni mtu wa hesabu. Siku nilipompigia simu kumwambia nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika insia, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Sasa mjomba, vitabu si ulikwisha visoma kwenye digrii ya kwanza? Hivi vingine ni vipi?"

Nilimjibu kwa lugha ya fomu ya maombi, maana ndiyo pekee niliyokuwa nayo: nitachunguza matini za kishairi kwa mkabala huu na ule. Akasema, "Haya, Mungu akujalie," kwa sauti ya mtu aliyeamua kutouliza tena.

Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa sijui. Jina lenyewe halisaidii. Ukisema insia watu wanakukodolea macho, inabidi uanze kuorodhesha: fasihi, historia, falsafa, isimu, taaluma za dini, historia ya sanaa, muziki, wakati mwingine akiolojia, na katika vyuo vingine uchoraji, uchongaji na maigizo vimo humohumo. Ukimaliza, mtu anakuuliza swali la mjomba. Nami nilidhani jibu ni jepesi: shahada ya kwanza ni vitabu vingi, ya pili ni vitabu vingi zaidi na vigumu zaidi. Nilikwenda nimejiandaa kumeza.

Wiki ya pili ya muhula wa kwanza, mwalimu wa somo la miswada aliingia darasani na kutugawia karatasi mojamoja. Ilikuwa fotokopi ya ukurasa wa utenzi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tulikuwa wanane. Akasema kipindi kina saa mbili na leo tutasoma mstari mmoja, tukimaliza mapema twende zetu. Hatukumaliza.

Kwa asiyeujua mwandiko ule, taabu yake ni hii. Herufi za Kiarabu ziliundwa kwa ajili ya Kiarabu, na Kiarabu hakina p, v wala ch. Waandishi wa zamani wa Kiswahili walijitosheleza na walichokuwa nacho, herufi ba ikabeba b, p na mb kwa pamoja. Alama za irabu nazo zilikuwa tatu tu, kwa hiyo kasra ikawa i na pia e, dhamma ikawa u na pia o. Wapo waliobuni vitone vya ziada ili kutofautisha sauti, lakini wengi hawakuona haja: anayesoma ni Mswahili, lugha anaijua, atajijazia mwenyewe. Basi ba mbili zenye kasra zinaweza kuwa bibi. Zinaweza kuwa pipi. Zinaweza pia kuwa pembe.

Mwenzetu mmoja, mwepesi kuliko sote, alisoma mstari mzima kwa mkupuo, na neno lile akalitamka bibi.

"Umejuaje kuwa ni bibi?" mwalimu akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hapana, ndivyo ulivyosoma. Kilichoandikwa ni ba mbili na vistari viwili chini yake."

Kuanzia hapo darasa likachangamka. Mmoja akahesabu mizani, ikawa haisaidii, maana maneno yote matatu yana silabi mbilimbili. Pipi ilitupwa nje mapema, ingawa kuna aliyeitetea kwa mzaha mpaka akaombwa anyamaze. Mwingine akashika upatanisho wa kisarufi: mbele ya neno kuna yangu, kwa hiyo ni pembe. Mwalimu akamwuliza kwao wanasemaje, bibi wangu au bibi yangu. Akaketi. Wiki iliyofuata tuliletewa ukurasa unaofuata, na ubeti wake wa pili ukamtaja ndovu. Lakini kwa wiki nzima nilitembea na neno lenye sura tatu kichwani, na nilikwisha kuanza kuhisi kwamba sikuja mahali pa kumeza.

Mjomba angenipigia jioni ile ningemwambia: tunasomea swali la "umejuaje?" Kila idara ina namna yake ya kuliuliza, na kwa kweli hiyo ndiyo tofauti kubwa ya idara moja na nyingine. Mengine ni majengo.

Mpangilio wake nitaupitia haraka, kwa sababu anayetaka kuomba nafasi atauona kwenye tovuti ya chuo chochote. Kuna uzamili wa kozi na tasnifu, na kuna wa utafiti mtupu ambao unakabidhiwa msimamizi na mlango unafungwa. Uingereza aghalabu ni mwaka mmoja. Kwingi kwingine ni miwili. Kozi za lazima huwa mbili au tatu, nadharia na mbinu za utafiti hazikosi, kisha unachagua nyingine kulingana na unakotaka kwenda. Mwishoni unaandika tasnifu, na katika baadhi ya vyuo unaitetea mbele ya watahini. Wanaosoma sanaa yenyewe, si historia yake, wana utaratibu wao: jirani yangu wa bweni alikuwa mchongaji, na tasnifu yake ilikuwa maonyesho pamoja na maandishi ya kueleza kwa nini kila kipande kimekuwa vile. Alikuwa akinionea wivu kwa kuwa mimi naandika tu. Nami nilimwonea wivu kwa kuwa yeye, akikwama, alikuwa na kitu cha kugonga.

Somo la historia ndilo lililonifundisha kwamba maneno yanaweza kuumbua hati. Tulisoma kisa cha hati iliyodai kwamba mfalme mkuu Konstantino, wa karne ya 4, alimkabidhi Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Hati hiyo ilinukuliwa na kuheshimiwa kwa karne kadhaa. Mwaka 1440 mwanazuoni wa Kiitalia, Lorenzo Valla, akakaa nayo kama anayesahihisha insha ya mwanafunzi. Akaona Kilatini chake si cha zama zile. Akaona imetaja masatrapi, cheo cha magavana wa Uajemi, kana kwamba Roma ilikuwa nao. Akaona inauzungumzia mji wa Konstantinopoli kama makao ya patriaki wakati mji wenyewe, kwa masimulizi ya hati hiyohiyo, ulikuwa haujajengwa. Hakuwa na maabara wala darubini. Alikuwa na sikio tu, sikio la mtu aliyesoma Kilatini mpaka akajua neno gani lilizaliwa lini.

Sote tulimshangilia Valla. Kisha mhadhiri, aliyetuacha tushangilie kwa makusudi, akatuambia kuwa Valla alipoandika hayo alikuwa akimtumikia Mfalme Alfonso wa Aragon, na Alfonso alikuwa na ugomvi na Papa. Akauliza, "Bado mnamwamini?"

Mjadala ule ulikula kipindi chote na ukaendelea kwenye ngazi. Wengine waliona Valla ameharibika, ni mtu aliyekodiwa. Mimi nilisema, na mpaka leo nasema, kwamba hoja ya masatrapi inasimama hata kama aliyeitoa alilipwa kuitoa. Lakini ukitaka kujua kwa nini ilitolewa mwaka 1440 na si miaka mia moja kabla, hapo huna budi kumtazama mlipaji. Ni maswali mawili, na shahada ya kwanza ilikuwa imenizoesha kuyachanganya.

Kwenye masimulizi ya mdomo swali linakuwa gumu zaidi, kwa sababu shahidi yuko mbele yako, ana adabu zake na wewe una zako. Tulisoma kuhusu mradi wa mwaka 1968 ambapo wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuwahoji wazee juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya kilichoandikwa kilitokana na upande wa Wajerumani. Sasa fikiria miaka 60 imepita. Mzee anasema, "tulipigana." Huyo tu- ni nani? Ni yeye mwenyewe, aliyekuwa kijana wakati ule? Ni baba yake? Ni ukoo mzima, wa walio hai na waliokufa? Kiambishi kimoja, na ndani yake kuna tofauti kati ya aliyeona na aliyesimuliwa. Mwanahistoria wa Kibelgiji Jan Vansina, katika kitabu alichokitoa mwaka 1961, alifanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo halali cha historia, mradi uyaulize kama unavyoiuliza hati: yametoka kwa nani, yamepitia kwa nani, yamesemwa mbele ya nani, na kwa faida ya nani.

Siku ya kufanya zoezi nilimhoji mtu mzima mmoja kwa dakika arobaini. Niliporudi kusikiliza kinasa sauti niligundua nimesema "naam" na "ehe" mara nyingi sana, na kila niliposema hivyo, yeye alienda zaidi upande ule nilioitikia. Ushahidi wangu nusu ulikuwa mimi mwenyewe. Alama nilizopata sitazitaja.

Nadharia sasa. Hapa nina kinyongo kidogo, nikiri mapema.

Nadharia inafundishwa kwa kasi ya kutisha: wiki hii umuundo, wiki ijayo udenguzi, wiki ya tatu ufeministi, ya nne ubaada-ukoloni, na kila mmoja una lugha yake ambayo ukiitumia nje ya darasa unaonekana una homa. Mwanafunzi mgeni wa nadharia ni kama mtu aliyejifunza neno jipya asubuhi. Kutwa nzima analisikia kila kona. Mimi nilipojifunza juu ya jozi za kinyume, yaani nuru na giza, ndani na nje, juu na chini, sikuweza tena kusoma hata tangazo la ubaoni bila kuzitafuta. Nakumbuka niliandika makala ya muhula yenye kurasa kumi na nane kuhusu nuru na giza katika tenzi, nikapata alama nzuri, na alama hizo zilikuja kuniponza. Nitafika huko.

Hata hivyo kuna jambo moja la somo lile ambalo sijalisahau. Ferdinand de Saussure, ambaye kila mwanafunzi wa isimu anaanzia kwake, hakukiandika kitabu kilichompa jina. Alifariki mwaka 1913. Kitabu kilitoka mwaka 1916, kimeunganishwa na wenzake wawili kutokana, kwa sehemu kubwa, na madaftari ya wanafunzi waliohudhuria mihadhara yake. Nilipolisikia hilo nilitazama daftari langu, lenye michoro ya mapera pembezoni, nikamwonea huruma mhadhiri wetu. Kumbe hata ukimnukuu mwasisi wa fani, bado unaweza kuulizwa: umejuaje kuwa alisema hivyo?

Na nani aliamua tuanzie kwake? Swali hilo nalo ni somo. Mwaka 1968 huohuo, jijini Nairobi, wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, na mahali pake iwepo idara ya fasihi na lugha za Afrika. Hawakusema fasihi za kwingine zisisomwe. Hoja yao ilikuwa mahali pa kusimama: anza hapa ulipo, fasihi simulizi ikiwamo, kisha tazama nje. Tulipewa zoezi la kuchukua orodha ya vitabu tulivyosoma shahada ya kwanza na kuuliza juu ya kila kimoja kiliingiaje. Baadhi yangu viliingia kwa sababu vilikuwa vizuri. Viwili, nilivyofuatilia mpaka mwisho, viliingia kwa sababu maktaba ilikuwa na nakala nyingi.

Watu hudhani fani hizi ni za karatasi na vumbi. Nadhani wangeshangaa kujua kwamba katika kozi ya insia ya kidijitali tulianza na padri wa Kijesuiti. Roberto Busa, Mwitalia, alikuwa anaandika tasnifu juu ya dhana ya uwepo katika maandishi ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13. Akaona kwamba dhana hiyo haikai kwenye maneno makubwa, imejificha kwenye kihusishi kidogo cha Kilatini, in, chenye maana ya katika. Akaandika kwa mkono kadi 10,000, kila moja na sentensi yenye neno hilo. Mwaka 1949 akaenda New York kuonana na mkuu wa kampuni ya IBM, akamwomba mashine zimsaidie kuorodhesha maneno yote ya Aquinas. Kazi ilichukua miaka karibu 30 na ikatoka katika majuzuu 56. Nilimpenda Busa mara moja. Kadi 10,000 kwa ajili ya neno lenye herufi mbili! Hapo ndipo nilipofahamu kwamba udogo wa kitu ninachokitazama si jambo la kuonea haya.

Ila kukifikia hicho kitu kidogo ni kazi. Pendekezo langu la kwanza la utafiti liliitwa "Taswira katika Ushairi wa Kiswahili." Msimamizi wangu, mwanamke mpole mwenye kalamu kali, alizungushia neno Ushairi na kuandika pembeni: Upi? Nikaenda, nikarudi na "Ushairi wa Kale." Upi? Nikarudi na "Tenzi." Zipi? Mwezi wa tatu nilikuwa na utenzi mmoja, wa mtunzi asiyejulikana, usiowahi kuchapishwa, uliobaki katika nakala tatu za mkono. Nilipomletea huo hakuzungushia kitu. Alisema tu, "Sasa tunaweza kuanza," na mimi nilikuwa nadhani nimekaribia kumaliza.

Kufanya kazi na nakala tatu kuna kanuni zake, na nyingi zimehusishwa na Mjerumani Karl Lachmann wa karne ya 19. Kiini chake kinapendeza: kosa ndilo linaloonyesha nasaba. Nakala mbili zikiandika neno sahihi kwa namna moja, hakuna ulichojifunza, kila mwandishi anaweza kupatia peke yake. Lakini zikikosea kosa lilelile, mahali palepale, basi huenda zimenyonya kwa mama mmoja. Unakaa na orodha ya makosa kama mtu anayetafuta udugu wa watu kwa kutazama makovu yao. Kanuni nyingine, ya zamani zaidi, inasema nakala zikitofautiana, pendelea usomaji mgumu. Mnakili akikuta neno asilolielewa huliweka lile analolijua. Ni nadra kwenda kinyume chake. Niliziandika kanuni hizi kwenye kadi nikazibandika juu ya meza. Nilizipenda kweli.

Sasa nukta.

Katika nakala kongwe, ukurasa wa kumi na mbili, kuna maneno niliyosoma "moyo wenye giza." Herufi ya kwanza ya neno lile la mwisho ni ghaini, ambayo katika mwandiko ule hubeba gh, g na ng. Ya mwisho ni zai. Na zai, wanaojua herufi hizi wanajua, ni ra iliyowekwa nukta moja juu. Ondoa nukta, na kwa kuwa kasra ni i au e, neno linakuwa ghera. Moyo wenye ghera: moyo wenye ari, wenye bidii, au wenye wivu, kutegemea anayesema. Silabi mbili, mizani ileile. Na halikukaa kwenye kina, la sivyo kina kingeniokoa.

Nilikuwa na picha safi ya ukurasa ule kwenye kompyuta, iliyopigwa na maktaba inayoutunza mswada. Niliikuza mpaka nukta ikawa kubwa kama dengu. Ilikuwepo, nyeusi tii, juu ya herufi. Nakala ya pili haikuwa na nukta. Ya tatu ilikuwa imepoteza ukurasa. Basi nikaandika sura nzima, kurasa thelathini na moja, kuhusu giza la moyo kama kitovu cha utenzi ule, jinsi nuru ya mwisho wa utenzi inavyolijibu, jinsi kila kitu kinavyopangika. Kilipangika vizuri mno. Kuhusu nakala ya pili niliandika tanbihi ya mstari mmoja, nami naikumbuka neno kwa neno: "Mnakili wa nakala ya pili amesahau nukta."

Soma tena hiyo tanbihi. Nilikuwa na usomaji rahisi, taswira ambayo kila mtu ameisikia, na usomaji mgumu usiotarajiwa. Nilikuwa na shahidi wa pili anayeniambia kitu kingine. Kadi ya kanuni ilikuwa imebandikwa sentimita chache juu ya kichwa changu. Nami nikamwambia shahidi amesahau.

Wiki sita kabla ya kukabidhi nilipata nauli ya kwenda kuuona mswada wenyewe. Nilikwenda kwa heshima tu, kama kutoa salamu. Mtunza miswada aliuweka juu ya mto wa sifongo, akanifungulia ukurasa wa kumi na mbili. Nukta ilikuwepo. Nikaitazama, nikaridhika, nikawa naandika jambo jingine, ndipo yeye, ambaye hakujua ninatafuta nini, akasema ukurasa huu umeliwa sana, akachukua kipande cha karatasi nyeupe na kukitelezesha chini yake ili nione vizuri.

Nukta ikawa nyeupe.

Lilikuwa tundu. Mdudu alipita pale, pengine miaka mingi baada ya mnakili kufa, akatoboa mahali hasa ambapo nukta ingekaa kama ingekuwepo. Siku ya kupigwa picha ukurasa ulikuwa umewekewa kitambaa cheusi nyuma, na weusi wa kitambaa ukachungulia tunduni. Nilimwomba aitoe karatasi na kuirudisha. Nyeusi. Nyeupe. Nyeusi. Alinifanyia mara tatu bila kuniuliza kwa nini, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Nilimwandikia msimamizi usiku uleule barua ndefu ya kujiuzulu, kwa maana halisi. Nilisema sioni tena tasnifu. Alijibu asubuhi kwa mistari miwili. Kwamba kurasa thelathini na moja ziende kwenye takataka. Na kwamba niandike nilichokiona, kwa utaratibu nilivyokiona, tangu picha ya kwenye kompyuta hadi kipande cha karatasi.

Sura ile mpya ilitoka na kurasa kumi na nne. Ina picha mbili za neno moja. Inaanza na makala yangu ya muhula juu ya nuru na giza, ile iliyopata alama nzuri, kwa sababu bila makala ile nisingekuwa na hamu ya giza, na bila hamu nadhani ningemsikiliza mnakili wa pili. Tanbihi yake niliiacha kama ilivyokuwa na chini yake nikaweka nyingine ya kumwomba radhi, kwa lugha ya kitaaluma. Kisha ghera ikafungua mambo ambayo giza lilikuwa limeyafunika: ubeti wa kabla yake una watu wanaoshindana, na mimi nilikuwa nimewasoma kama wanaopotea.

Watu wakiniuliza kuhusu ajira nawajibu kwa ufupi kwamba ninaowajua wamekwenda kila upande: ualimu, uhariri, tafsiri, makavazi, makumbusho, ofisi za watu wanaohitaji mtu wa kusoma mikataba polepole. Hakuna aliyengojewa mlangoni na mwajiri. Anayekuambia kinyume anakuuzia kitu.

Siku ya kutetea, watahini walikuwa wawili na msimamizi wangu akiwa kando, haruhusiwi kusema. Nilikuwa nimejiandaa kwa nadharia. Nilikuwa na majibu ya Saussure, ya Vansina, hata ya Busa. Mtahini wa nje, mzee mwembamba mwenye suti ya kijivu, alifungua sura ya nukta, akaitazama ile picha yenye tundu jeupe kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Sura nzuri," akasema. "Swali langu ni moja. Hii karatasi nyeupe, uliiweka chini ya nukta hii tu, au chini ya zote?"

Nilisikia feni. "Hii tu, Profesa."

"Mswada una kurasa ngapi?"

"Arobaini na sita."

Akaandika kitu. Msimamizi wangu alikuwa anatazama dirishani.

Nilipita, kwa sharti la marekebisho, na la kwanza kwenye orodha lilikuwa neno moja tu: Nukta. Jioni mjomba akapiga simu. Akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado kidogo, Jumatatu narudi maktaba.

"Kusoma kitabu gani tena?"

"Kilekile, mjomba."